Sahihi Kumi na Nne

Nyumba za walimu
6 Februari

Mdogo wangu Kiherehere,

Shikamoo yako nimeipokea kwa mkono wa shemeji, aliyeishusha hapa pamoja na katoni nane za chaki. Marahaba. Mimi na wifi yako tu wazima wa mwili. Kwa kawaida hapa ningeandika kwamba hofu ni kwako uliye mbali, lakini safari hii, nisikufiche, hofu imehamia huku.

Habari za muswada unazo kuliko mimi. Wewe unauchapa, mimi nausubiri. Waziri anataka lugha ya kale iondoke shuleni ifikapo muhula ujao, vipindi vyake wapewe watu wa kompyuta, na sisi tunaoifundisha tutafutiwe kazi yenye tija. Watu wa kompyuta sina ugomvi nao. Ila wiki iliyopita mkaguzi aliingia darasani kwangu bila taarifa, akakaa dawati la nyuma, magoti yamebana chini ya meza. Tulikuwa tunasoma maneno yaliyochongwa juu ya mlango wa mahakama. Unayakumbuka, maana ulikula viboko kwa ajili yake. Kibao cha serikali kilichowekwa chini ya lile jiwe kinasema kwa lugha ya leo: "Raia, mtii anayekutawala." Binti mmoja wa kidato cha tatu akasoma jiwe lenyewe, polepole, neno kwa neno, kisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona jiwe linasema anayetawala naye atahukumiwa humu?"

Darasa likacheka. Mkaguzi hakucheka. Aliandika, akauliza jina la binti, akaandika tena. Tangu siku hiyo nikisikia viatu kwenye korido, chaki inavunjika mkononi. Binti mwenyewe hajaja shule siku nne, na kwao hawanifungulii mlango.

Sasa ombi langu. Walimu wa lugha hii wilaya nzima tuko kumi na wanne. Tumeandika malalamiko kwa Bunge, ukurasa mmoja, adabu tupu. Shemeji anayo kwenye bahasha ya kahawia. Wewe ndiye unayejua kwamba malalamiko yasiyoingizwa daftarini kabla ya kikao hayasomwi, na tukiyapeleka kwa posta yatafika sisi tumeshastaafu. Yaingize hapo kwenu Chumba cha Kumbukumbu. Utaona sahihi zetu tumezipanga kwa duara, kama ukingo wa sahani. Usishangae, sisi watu wa mambo ya kale tunapenda mapambo.

Usinipigie simu. Ya shule imeanza kupumua tukizungumza. Na wifi yako hajui kwamba nimesaini, kwa hiyo ukimwandikia, mwandikie habari za watoto.

Kaka yako,
Mwalimu wa Wafu
(ndivyo wenzangu wa hesabu wanavyoniita)


Chumba cha Kumbukumbu
13 Februari

Kaka, shikamoo.

Imeingia. Namba 31, muhuri wa zambarau, sahihi ya msajili. Kikao kijacho itasomwa mbele ya watu wazima na akili zao.

Nisikudanganye, muswada huo mimi ningeupigia kura mchana kweupe. Mikono yangu bado inaikumbuka fimbo ya yule mzee aliyetufundisha vitenzi vya watu waliokufa kabla sabuni haijavumbuliwa. Wabunge wengi wanasema hivyo hivyo. Juzi mmoja alisema mtoto wa maskini hashibi vitenzi, nikawa nachapa huku natikisa kichwa kukubali. Halafu akasimama mama mmoja wa viti vya nyuma, akasema mtoto asiyeweza kusoma sheria za babu zake atasomewa na mtu mwenye haja zake. Hapo nikaacha kutikisa kichwa. Nilikuwa kama nakusikia wewe mezani kwetu, na sahani yako imepoa.

Ila jasho limenitoka. Msajili aliirudisha mara ya kwanza. Fomu ya malalamiko ina mistari yenye namba, na kila sahihi inakaa kwenye mstari wake. Hilo duara lenu, alisema, ni pete ya harusi. Na daftari la kikao kijacho lilikuwa linafungwa jioni ile ile. Basi nikafanya kama tunavyofanya kwa malalamiko ya wakulima, yanayotufikia hata kwenye karatasi za kufungia sukari. Nikachukua mkasi na gundi, nikakata sahihi moja moja, nikazibandika kwenye fomu. Chakula cha mchana sikukiona. Lakini nenda kaikague, hakuna hata moja iliyopinda.

Na kwa kuwa duara halina mwanzo, ilibidi nichague mwenyewe nani atangulie. Nimekuweka wewe. Kaka yangu hatanguliwi na mtu mbele ya Bunge. Yeyote atakayelifungua lile jalada, jina la kwanza kuliona ni lako. Yule mwenzako mwenye maringo nimemweka wa kumi na nne, ajifunze.

Mdogo wako,
Kiherehere


Nyumba za walimu
17 Februari

Mdogo wangu,

Asante. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikiwa nimesimama. Kazi nzuri, na mkono wako umenyooka kama zamani.

Nina udadisi kidogo tu. Hayo mabaki ya karatasi yenye duara bado unayo? Na fomu ikishapigwa muhuri, inaweza kutolewa ikapangwa upya, tuseme kwa kufuata alfabeti? Wenzangu wana wivu, si unawajua walimu, wanagombania hata kiti cha dirishani. Kama haiwezekani, basi. Usijisumbue, na usimuulize mtu. Narudia, usimuulize mtu yeyote.

Barua zangu zichome, na hii pia. Umefanya nilichokuomba, hukufanya zaidi. Lolote utakalolisikia, lishike hilo.

Kaka yako


Chumba cha Kumbukumbu
22 Februari

Kaka,

Barua yako imenitia homa. Wewe ni mtu wa kurasa nne kwa ajili ya dirisha lisilofunga, leo unaniandikia robo ukurasa na hujanitania hata mara moja.

Utanisamehe. Nilimuuliza msajili nikiwa bado katikati ya barua, kabla sijafika pale ulipokataza. Unanijua. Akaniambia muhuri wa zambarau haufutwi, kisha akaweka kalamu chini. "Nani anayetaka kupanga upya?" Nikasema hakuna, ni mimi tu, napenda vitu vinyooke. Alinitazama mpaka nikasahau nilichofuata kule. Mabaki sina. Yalikwenda na taka siku ile ile.

Kuna jingine. Jana walikuja watu wawili kutoka wizarani, wenye adabu nyingi mno. Waliomba jalada namba 31, wakakaa nalo kwenye meza iliyo mbele yangu. Mmoja alitoa kijitabu. Nilidhani atanakili majina yote, nikahesabu moyoni atachukua dakika ngapi. Aliandika mstari mmoja, akafunga kalamu, wakashukuru, wakaenda zao.

Kwa nini mmoja tu, kaka? Lile duara lilikuwa la nini? Niambie, hata kama ni jambo la kunitukana. Nimekosea kuchapa tarehe ya leo mara mbili.

Kiherehere


Nyumba za walimu
3 Machi

Wifi yangu,

Mume wako atakuwa ameshakwambia kwa mdomo, lakini alilia sana hapa kwangu, sijui kama maneno yalimfikia. Wamemchukua kaka yako. Jumanne saa nne asubuhi, darasani. Walisubiri amalize kipindi. Alifuta ubao, akapanguza mikono, akawaambia wanafunzi wafunge madirisha kwa sababu mvua inakuja. Nimeyajua hayo kwa mwalimu mkuu, ambaye sasa akiniona anajifanya anatafuta funguo.

Jumapili alikuwa ameniambia yote. Nilimgombeza. Mungu anisamehe, nilimgombeza mchana kutwa, na huo ndio ulikuwa mchana wetu wa mwisho. Alinieleza habari ya sahihi. Miaka kumi iliyopita, maktaba ya mji ilipofungwa, watu waliandika malalamiko wakasaini kwenye orodha, na mkutubi akaanza. Kwa sheria yao, wa kwanza kusaini ndiye mwanzilishi. Bunge likisema malalamiko ni uchochezi, wanaomfuata wanaonywa, yeye anabeba. Yule mkutubi alirudi baada ya miaka mitano, hajui kufunga vifungo vya shati lake. Kwa hiyo safari hii walimu walikaa kitako wakakubaliana wasaini kwa duara, asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Kaka yako alisema hata walizungusha karatasi mezani, kila mtu akasaini pale iliposimama mbele yake.

Sasa orodha imefika wizarani imenyooka, na jina lake liko juu. Alhamisi wakawafuata na wengine kumi na watatu. Nilikwenda getini kumpelekea sweta nikawakuta wake za wenzake. Hawakunisalimia. Mmoja akasema nisikie: kimbelembele chake kimetuponza, alitaka aonekane shujaa. Mwingine anasema ameinyoosha yeye mwenyewe ili awauze wenzake. Nilisimama pale na sweta langu kama mwizi.

Nilipomuuliza Jumapili ni nani aliyeipanga, alisema hajui. Mimi mume wangu namjua. Anajua.

Wifi, wewe uko hapo hapo, karatasi zote zinapita mikononi mwenu. Nitafutie mtu huyo. Sitaki ugomvi, nataka tu niliseme jina lake wakati naomba. Watoto wanauliza baba atarudi lini, na mdogo ameanza kukojoa kitandani. Naogopa kila gari likipunguza mwendo hapa nje, halafu likipita naogopa kwamba halikuwa linamleta.

Wifi yako


Nyumbani
5 Machi

Wifi,

Umeshampata. Ni mimi.

Aliniambia duara ni pambo. Hakutaka kunitia hofu, nami sikuuliza mara ya pili, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nilizikata kwa mkasi wa ofisi, sahihi moja moja. Nikamweka juu kwa heshima. Nilijivuna, wifi. Nilimwandikia nikijivuna, na yeye akanijibu kwamba mkono wangu umenyooka.

Huyu ni mtu ambaye kwenye foleni ya bombani alikuwa akinisukuma mimi mbele na ndoo yangu, yeye akibaki nyuma kabisa mpaka maji yakatike. Na watu wanamwita kimbelembele.

Katibu wa Bunge yuko safarini, anarudi Ijumaa. Ijumaa asubuhi nitasimama mezani kwake nimwambie kwamba malalamiko yalikuja kwa duara, hayakuwa na wa kwanza, na mpangaji ni mimi. Najua ni kosa kugusa karatasi ya Bunge bila kibali cha maandishi. Sisi wachapaji sote tunafanya, na siku ikigundulika atakuwa amefanya mmoja tu. Mume wangu nimemwambia. Amekaa kwenye ngazi tangu asubuhi. Naogopa, lakini nitakwenda.

Usinisamehe sasa. Mwambie tu, ukipata nafasi, kwamba Ijumaa.

Kiherehere


Kituo cha mahojiano
7 Machi

Mdogo wangu,

Afande anayesoma barua zetu ameniruhusu ukurasa mmoja, nami namshukuru. Mimi mzima. Chumba kina dirisha, na sweta limefika.

Mke wangu alipewa dakika tano nami, akaniambia una mpango wa safari Ijumaa. Nakuomba kama kaka, na kama hujawahi kunitii katika maisha yako basi nitii leo: safari hiyo iache. Hali ya barabara huijui. Mimi naijua.

Nataka usikie kutoka kwangu, usije ukayasikia kwa watu. Malalamiko yale niliyaanzisha mimi. Wenzangu niliwashawishi, wengine hata hawakuyasoma vizuri. Nilisaini wa kwanza kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kupenda kutangulia. Hapakuwa na mkono wa mtu mwingine. Unanijua tangu utotoni. Hata kwenye foleni ya bombani lazima niwe mbele.

Haya nimeyaandika pia kwenye maelezo yangu, nimeyatia sahihi, na yamepokelewa.

Endelea na kazi yako. Kula chakula cha mchana.

Kaka yako


(Karatasi ndogo ndani ya bahasha hiyo hiyo, iliyopitia kwa mkewe)

8 Machi

Wifi,

Wale kumi na watatu wameachiwa Jumatatu, saa mbili baada ya yeye kutia sahihi maelezo yake. Nimewaona wakitoka. Mmoja alikuwa anatembea ameshika ukuta. Sasa ukisimama Ijumaa ukasema ni wewe, maelezo yake yanakuwa ya uongo, na wote wanarudishwa ndani wakae naye, na wewe wa kumi na tano. Niliuliza kwa mwanasheria kwa kujifanya nauliza habari za mtu mwingine. Alinijibu bila kuniangalia.

Barua yako nimeichoma. Usiniandikie tena jambo kama lile.

Nisikudanganye, sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Usiku huu nimekuchukia mpaka nikachoka, halafu nikakumbuka ni nani atakayenitunzia watoto wakija kunichukua na mimi. Nenda kazini.

Wifi yako


Chumba cha Kumbukumbu
21 Machi

Kaka, shikamoo.

Nimekutii. Safari sikwenda. Shemeji yako anakusalimia, na afande atakayesoma hii naye namsalimia.

Nilisikia habari ya kifungo chako cha miaka minne kabla mtu hajaniambia, kwa sababu karatasi ilipita mezani kwangu. Wifi alikuja na watoto Jumamosi. Hatukuzungumza sana. Aliosha vyombo vyangu vyote, hata vilivyokuwa safi. Mdogo amelala kwangu siku mbili na kitanda kilikuwa kikavu, nimeona nikuambie hilo. Na yule binti wa kidato cha tatu amehamishiwa shule nyingine mbali, wifi amesikia yu mzima.

Juzi muswada ulisomwa kwa mara ya mwisho, na zamu ya kuchapa ukumbini ilikuwa yangu. Niliomba kubadilishana na mwenzangu, akasema mtoto wake anaumwa. Waziri alizungumza dakika arobaini. Alisema lugha ya kale imekuwa pango la wachochezi, na ushahidi upo kwenye jalada namba 31, ambapo kiongozi wao amejianika mwenyewe juu ya orodha. Alilitaja jina lako mara saba. Nimelichapa mara saba. Zamani nililipenda sana jina lako likichapwa, herufi zake zinapendeza. Sasa kila nikigusa ile ya kwanza, vidole vinaniuma mpaka kiwikoni.

Yule mama wa viti vya nyuma akasimama. Akasema ameitazama fomu kwenye mwanga na ameona kingo za gundi. Akauliza kama kuna mtu yeyote ndani ya jengo hili aliyeiona karatasi ya awali, ilivyokuwa kabla haijabandikwa, ajitokeze aseme. Hakuuliza wabunge peke yao. Aligeuka, akatazama kwenye meza za watumishi, mmoja mmoja, akafika kwangu. Mama ana macho ya mtu anayesubiri ndugu yake stesheni. Spika naye akasubiri. Nilisikia saa ya ukutani, nikasikia tumbo la mwenzangu likinguruma. Niliwafikiria watu kumi na watatu, na yule aliyetembea ameshika ukuta.

Unajua utaratibu wetu: chochote kinachotokea ukumbini lazima kiandikwe. Nikafungua mabano, nikachapa "Kimya", nikafunga mabano.

Muswada umepita kwa tofauti ya kura tisa. Jioni Katibu alizipitia kurasa zote sitini na mbili kwa kalamu nyekundu, akaniita mbele ya wenzangu, akasema katika miaka yake yote hajawahi kupata kumbukumbu isiyo na kosa hata moja.

Mdogo wako